Hakuna Anayekata Utepe wa Kiraka

Barua ya wazi kwa Maofisa Masuuli wa wizara, idara, wakala na halmashauri

YAH: FEDHA ZA KUTUNZA MIFUMO BAADA YA KUZINDULIWA

Ndugu Maofisa Masuuli,

Husikeni na somo tajwa hapo juu.

Barua hii naielekeza kwenu na si kwa wakuu wa vitengo vya TEHAMA. Wao jambo hili wanalijua, na wengi wameshaandika madokezo ambayo hadi leo yamelala kwenye majalada. Ninyi ndio mnaoidhinisha malipo. Ninyi ndio mnaoitwa mbele ya kamati za Bunge kujibu hoja za ukaguzi. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilipoanza kutumika Mei 2023, taasisi mnazoziongoza zina wajibu wa kisheria wa kulinda taarifa za wananchi zilizomo kwenye seva zenu. Mtaniwia radhi basi nikiwaingiza kidogo kwenye mambo ya mafundi.

Mfumo wowote mliouzindua katika miaka hii kumi, hata kama mkandarasi aliapa kwamba kaujenga mwenyewe, sehemu kubwa ya msimbo wake hakuiandika yeye. Kaichukua bure, na kwa halali kabisa. Seva inaendeshwa na Linux, kanzidata ni PostgreSQL au MySQL, mawasiliano yanalindwa na OpenSSL, na katikati yake zimejipanga maktaba ndogo ndogo za programu huria, pengine mamia: hii inasoma tarehe, ile inabana mafaili, nyingine inaandika kumbukumbu za matukio. Takwimu za zahanati zetu zinapita kwenye DHIS2, mfumo huria uliozaliwa Chuo Kikuu cha Oslo. Vyuo vinafundisha kwa Moodle, na maktaba nyingi zinaorodhesha vitabu kwa Koha, ambayo asili yake ni New Zealand. Hilo mimi nalisifu. Bila programu huria tungekuwa tunalipia leseni kwa dola, na halmashauri nyingi zisingekuwa na mfumo wowote wa maana. Lakini bure yake ni ya kuchukua tu. Kutunza kuna gharama, na gharama hiyo kuna mtu mahali fulani anailipa, mara nyingi kwa usiku wake.

Nitawasimulia kisa kimoja kwa kirefu, kwa sababu ndicho kilichobadilisha namna watu wa fani yetu wanavyolitazama suala hili.

Kuna programu inaitwa xz. Kazi yake ni kubana mafaili yapungue ukubwa, basi. Mtumiaji wa kawaida hakutani nayo, lakini imo karibu kila kompyuta ya Linux duniani, zikiwemo zile zilizo kwenye vyumba vyenu vyenye viyoyozi. Kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja, Lasse Collin wa Finland, bila malipo. Mwaka 2021 akajitokeza mchangiaji aliyejiita Jia Tan. Alianza kwa adabu, akileta marekebisho madogo, ya kweli, yenye manufaa. Mwaka uliofuata yakaibuka majina mengine ambayo hakuna aliyeyafahamu, yakaanza kumsonga Collin kwa maneno: kazi inakwenda polepole mno, viraka, yaani marekebisho ya msimbo, havipokelewi, kwa nini asimpishe mwingine? Collin aliwajibu hadharani, kwa upole, kwamba afya yake inampunguzia uwezo, na akawakumbusha kuwa huu ni mradi wa kujitolea usiolipwa. Hawakumwacha. Taratibu Jia Tan akakabidhiwa mamlaka, hadi akawa ndiye anayetoa matoleo rasmi.

Februari 2024 likatoka toleo 5.6.0, na Machi likafuata 5.6.1. Ndani yake mlikuwa na mlango wa siri. Msimbo wenye sumu haukuwekwa mahali ambapo wasomaji hutazama. Ulifichwa kwenye mafaili ya majaribio, yale ambayo kila mtu anategemea yawe na vurugu ndani yake, na kipande cha kuuamsha kikatiwa kwenye kifurushi cha kupakua tu, huku kwenye ghala la wazi la msimbo kipande hicho hakikuwepo. Ukishajengwa, ulijipenyeza hadi kwenye OpenSSH, programu ambayo mafundi wenu huitumia kuingia kwenye seva wakiwa mbali. Mwenye ufunguo maalumu angeweza kuiamuru seva ifanye atakalo bila kuulizwa nywila.

Aliyeugundua hakuwa hata mtu wa usalama wa mtandao. Andres Freund ni mhandisi wa Microsoft na mmoja wa waendelezaji wa PostgreSQL. Alikuwa akipima kasi ya kanzidata hiyo, akaona kwamba kuingia kwenye mashine yake kwa SSH kunachukua takriban nusu sekunde zaidi ya kawaida. Nusu sekunde! Mwingine angesema leo mashine nzito, akaendelea na chai yake. Yeye alichimba hadi akafika kwenye xz, na tarehe 29 Machi 2024, siku ya Ijumaa Kuu, akatangaza alichokiona. Udhaifu huo ukapewa namba CVE-2024-3094 na alama 10 kati ya 10 kwa ukali. Bahati ni kwamba matoleo yale mabovu yalikuwa yamefika zaidi kwenye matoleo ya majaribio ya Debian, Fedora na ndugu zao wachache. Yangepewa muda, yangeshuka hadi kwenye yale yanayotumiwa na seva za serikali na benki. Jia Tan ni nani, hadi leo haijathibitishwa.

Wengi wanaosimulia kisa hiki huvutiwa na ujasusi wake: katumwa na nani, nchi gani, kwa fedha kiasi gani. Kwangu hilo ni la pili. Mshambuliaji hakuvunja kufuli lolote. Alitafuta mtu mmoja aliyechoka, anayetunza bila malipo kitu kinachotumiwa na dunia nzima, akamwambia nipe nikusaidie. Uchovu ule ndio uliokuwa tundu. Nao haukuletwa na adui. Tuliuleta sisi, mashirika na serikali zilizokuwa zikipakua kila toleo jipya bila kuuliza nani analiandika na anakula nini.

Wala haikuwa mara ya kwanza kuonywa. Aprili 2014 iligundulika kasoro ndani ya OpenSSL iliyopewa jina la Heartbleed. Ilikuwa imekaa humo tangu toleo la Machi 2012, na ilimwezesha mtu yeyote kuchota kutoka kwenye kumbukumbu ya seva vipande vya hadi kilobaiti 64 kila mara alipotaka, vikiwa na nywila au hata funguo za siri za seva yenyewe. Kampuni ya Netcraft ilikadiria kwamba seva zilizokuwa hatarini zilifika nusu milioni. Mamlaka ya mapato ya Canada iliibiwa namba za hifadhi ya jamii za watu 900 kupitia tundu hilo. Ndipo ulimwengu ukauliza: hivi OpenSSL inatunzwa na nani? Jibu lilikuwa kwamba mfuko wake ulikuwa ukipokea michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka, na aliyekuwa akiifanya kazi hiyo muda wote alikuwa mtu mmoja. Biashara ya mtandaoni ya sayari nzima ilikuwa imeegemea hapo.

Huo ni upande wa wanaotengeneza. Upande wa pili ni wetu sisi tunaotumia, na hapa kisingizio cha umaskini wa watu wa kujitolea hakitusaidii, kwa sababu mara nyingi kiraka huwa kimeshatoka, kipo, ni bure, na hakuna aliyekiweka.

Chukueni Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu. Tarehe 7 Machi 2017 watunzaji wa Apache Struts, programu huria ya kujengea tovuti, walitoa kiraka cha udhaifu mkubwa. Siku mbili baadaye ndani ya Equifax likatoka agizo kwamba kiraka kiwekwe ndani ya saa 48. Wakapitisha ukaguzi wa kompyuta zao. Ukaguzi haukuona kitu. Kumbe Struts ilikuwa imo kwenye tovuti yao ya wateja kulalamikia taarifa zenye makosa, na waliopaswa kujua hawakujua. Wadukuzi waliingia katikati ya Mei, wakakaa hadi mwisho wa Julai, wakaondoka na taarifa za watu wapatao milioni 147. Agizo lilikuwepo, kiraka kilikuwepo, fedha zilikuwepo. Kilichokosekana ni orodha ya nini kimo wapi.

Desemba 2021 somo hilo likarudiwa kwa sauti kubwa zaidi. Log4j ni maktaba ya lugha ya Java inayoandika kumbukumbu za matukio ya programu. Ilibainika kwamba ukiifanya iandike maneno fulani, hata kwa kuyaweka tu kwenye kisanduku cha kuandikia jina lako, inatoka nje kwenda kuchukua programu ya mtu mwingine na kuiendesha. Alama 10 kati ya 10 tena. Wizara ya Ulinzi ya Ubelgiji ilishambuliwa kupitia hapo kabla ya Krismasi. Watunzaji, watu wa kujitolea wenye ajira zao kwingine, walitoa matoleo ya kurekebisha manne ndani ya mwezi huohuo, kwa kuwa kila walipoziba palionekana pengine pa kuziba. Aliyeweka kiraka cha kwanza akaenda likizo akiamini kamaliza, hakuwa amemaliza. Na katika ofisi nyingi duniani swali la wiki ile halikuwa namna ya kukiweka. Lilikuwa: hivi sisi tunayo Log4j? Nani anajua?

Ninyi mnajua? DHIS2 imeandikwa kwa Java. Mifumo mingi ya fedha na ya hospitali imeandikwa kwa Java.

Sasa tuje kwenye makisio yenu, maana ndiko ninakotaka kufika. Mfumo mpya hujengwa kwa fedha za maendeleo, mara nyingi zikiwa na mkono wa mfadhili. Kuna andiko, kuna zabuni, kuna mafunzo hotelini Morogoro, kuna uzinduzi na mgeni rasmi anakata utepe. Mradi unafungwa, na ripoti ya kufunga inasema umefanikiwa. Kuanzia hapo mfumo unahamia kwenye matumizi mengineyo, OC, fungu lilelile linalolipia dizeli, shajala, posho za vikao na maji ya kunywa. OC ikija pungufu, na sote tunajua huja pungufu, kinachoondolewa kwanza ni kile ambacho kikiachwa leo hakuna atakayelalamika kesho. Kiraka cha usalama ndicho hicho. Kikiwekwa vizuri hakionekani. Hakina picha ya kutundika kwenye kalenda ya taasisi.

Gari la ofisi lina fungu lake la matengenezo. Likitimiza kilomita zake linapelekwa TEMESA, oili inabadilishwa, breki zinakaguliwa, na hakuna anayehoji kwa nini mnatengeneza gari ambalo bado linatembea. Mfumo wenye majina, namba za simu na magonjwa ya wananchi hauna hata fungu hilo.

Nimesoma mikataba ambayo humo neno matengenezo lina maana kwamba mkandarasi atapokea simu mfumo ukizimika. Kusasisha maktaba zilizomo ndani hakutajwi popote. Mkataba ukiisha, nywila kuu anabaki nazo yeye, na kijana aliyeajiriwa kitengo cha TEHAMA anabaki kubadilisha wino wa printa. Katika taasisi moja, ambayo sitaitaja, mfumo wa uendeshaji wa seva kuu ulikuwa umeshaacha kutolewa viraka na waundaji wake, na fundi alikuwa na amri ya mdomo kutoka juu: usiguse, kinafanya kazi.

Hofu iliyo nyuma ya amri hiyo siidharau. Viraka navyo huharibu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la kampuni ya usalama ya CrowdStrike liliangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5, abiria wakalala viwanja vya ndege. Ndiyo maana fundi anayejua kazi yake huwaomba seva ya majaribio, akiweke kiraka huko kwanza, akione siku mbili tatu, ndipo akipeleke kwenye mfumo wenye watu. Ombi hilo lina gharama, na nina hakika lipo kwenye mojawapo ya madokezo niliyoyataja mwanzoni.

Najua pia lipo jibu ambalo wauzaji wa programu huwapa mkiwa kwenye mawasilisho yao: haya yote ni ya programu za bure, nunueni yetu ya kulipia mlale usingizi. Msilikubali upesi. Virusi vya WannaCry, vilivyokwamisha hospitali za Uingereza Mei 2017, vilipita kwenye Windows, ambayo si ya bure, na Microsoft ilikuwa imetoa kiraka chake miezi miwili kabla. Tena fungueni tumbo la karibu programu yoyote ya kulipia ya leo, mtakuta humo maktaba zilezile huria, ila hamruhusiwi kuziona. Freund aliweza kuifuata nusu sekunde yake hadi mwisho kwa sababu msimbo ulikuwa wazi mbele yake. Ungefungwa, angeishia kumwandikia muuzaji na kusubiri.

Ninachowaomba, kwa hiyo, si kubadili mifumo. Wekeni kwenye hadidu za rejea za kila zabuni ya mfumo kwamba mkandarasi atakabidhi orodha kamili ya vipande vyote alivyovitumia, pamoja na matoleo yake, na ataihuisha kila anapobadilisha kitu. Ni faili la maandishi tu. Zana za kulitengeneza ni za bure, na mkandarasi anayeshindwa kulitoa anawaambia jambo muhimu kuhusu kazi yake. Orodha hiyo ndiyo ingewaokoa Equifax. Ndiyo ambayo Desemba 2021 ingempa jibu mkuu wenu wa TEHAMA kwa dakika kumi. Umoja wa Ulaya umeshalifanya kuwa sheria: Sheria yake ya Ustahimilivu wa Mtandao, iliyoanza kuwa na nguvu Desemba 2024, itawalazimu wauzaji kuwa na orodha ya namna hiyo na kutoa viraka kwa muda wote wa kuhudumia bidhaa zao, na masharti yake makuu yataanza kuwabana Desemba 2027. Hatuna sababu ya kuuziwa sisi kile ambacho Ulaya watakikataa.

Kwenye OC, fungueni kifungu chake chenyewe cha kutunza mifumo, kisichochanganywa na ununuzi wa kompyuta mpya, na mkitetee mnapokata. Humo iwemo seva ya majaribio na muda wa watu. Kisha waruhusuni watumishi wenu, kwa maandishi na ndani ya saa za kazi, kurudisha kitu kwenye programu mnazozitumia: kuripoti kasoro, kujaribu viraka kabla havijatoka, kuandika marekebisho. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina wataalamu wanaoiendeleza DHIS2 kwa miaka sasa, kwa hiyo hakuna atakayeniambia kwamba uwezo huo haupo nchini. Ujerumani ilianzisha mfuko wa serikali mwaka 2022 kwa ajili hii tu, na Log4j ni miongoni mwa miradi iliyofadhiliwa. Sisi hatuna euro hizo. Tuna vijana ambao leo wanabadilisha wino wa printa.

Kuna jambo la mwisho, na hili halihitaji hata shilingi. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015 inaharamisha kuingia kwenye mfumo bila idhini, na ni haki iwe hivyo. Lakini mwanafunzi anayejikwaa kwenye tovuti yenu kwa bahati mbaya, akaona matokeo ya wenzake yakiwa wazi kwa kubadilisha namba moja kwenye anwani, leo ana mambo mawili ya kuchagua: akae kimya, au awaambie ahatarishe uhuru wake. Wengi wanakaa kimya, nami siwalaumu. Tangazeni kwenye tovuti zenu barua pepe ya kupokea taarifa za udhaifu, na andikeni chini yake kwamba anayetoa taarifa kwa nia njema, bila kuchukua wala kuharibu, hamtamshitaki. Mwanasheria wa taasisi anaweza kuiandaa aya hiyo asubuhi moja.

Kabla hamjafunga makisio ya mwaka wa fedha ujao, mwiteni mkuu wenu wa TEHAMA, mmuulize mfumo wetu mkubwa kuliko yote una nini ndani yake, na kiraka cha mwisho kiliwekwa lini. Akisema hajui kwa sababu hajawahi kupewa fedha za kujua, msimwandikie barua ya kujieleza. Andikeni kifungu hicho kwenye makisio, mkisaini ninyi.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Msimamizi wa mifumo,
Dar es Salaam